RAM au kadi ya grafiki: ipi ianze kwenye kompyuta ya mezani iliyozeeka?

Mashine ninazozizungumzia hapa zinajulikana kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Compaq Elite 8300, HP EliteDesk 800 G1. Zilitengenezwa miaka ya 2012 hadi 2014 kwa ajili ya maofisi ya Ulaya na Marekani, zikachoka mikononi mwa wenyewe, zikauzwa kwa jumla, mwisho zikatua Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwa mtumba. Kawaida utaikuta na prosesa Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 4 GB, diski ya kuzunguka ya 500 GB, na haina kadi ya grafiki yake yenyewe.

Ilipokuja ilikuwa inatosha. Sasa mtoto anafungua masomo ya mtandaoni na WhatsApp kwa pamoja, mashine inaganda. Unakwenda kwa fundi, mmoja anakwambia ongeza RAM, mwingine anakwambia weka kadi ya grafiki, na fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa mashine hizi RAM inatangulia, tena vipande viwili vinavyolingana, si kimoja kikubwa. Kadi ya grafiki ni ya mwenye kazi maalum, nami nitazitaja kazi hizo. Na kuna hali ambayo ni bora usinunue chochote kati ya hivyo viwili. Sababu zake ndizo zinazofuata.

Pima kabla hujatoa fedha

Fungua vitu vyote unavyofungua siku yenye shughuli nyingi: brauza na kurasa zako zote, Word, Excel, WhatsApp, na video moja ikicheza. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea Task Manager. Ingia sehemu ya Performance.

Angalia Memory. Ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 85 na hapohapo Disk inapiga asilimia 100, shida yako ni RAM. Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo ndipo mashine inapoganda. RAM ya aina ya DDR3-1600, inayotumika kwenye mashine hizi, ikiwa kipande kimoja hupitisha hadi GB 12.8 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka, hata ikiwa nzima, husoma takriban GB 0.1 hadi 0.15 kwa sekunde, na ikilazimika kurukaruka huku na kule hushuka chini kabisa ya hapo. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ifanyike kwenye RAM ikihamia kwenye diski inapungua kasi zaidi ya mara mia. Hakuna kadi ya grafiki inayoweza kutibu hilo.

Ikiwa Memory iko asilimia 50 tu na Disk bado iko 100, basi diski ndiyo inayokuchelewesha. Weka SSD ya SATA (diski isiyo na sehemu inayozunguka) kwanza, uyaache haya mengine. Inasoma karibu MB 500 kwa sekunde, na mashine ambayo ilikuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka itawaka upesi. Nalisema hili ingawa mada ni RAM na kadi, kwa sababu nimeona watu wakiongeza RAM hadi 16 GB huku diski ya zamani ikiendelea kuwatesa.

Ikiwa CPU (prosesa) ndiyo inayopanda hadi 100 kila unapocheza video, soma sehemu ya kadi hapo chini kwa makini. Na ikiwa ni gemu linalokwamakwama wakati Memory na CPU zina nafasi, hapo kweli kadi inahitajika.

Kwenye ukurasa huohuo wa Memory, upande wa chini, kuna maandishi ambayo wengi hawayasomi: Speed, na Slots used. Ikikuandikia "1 of 4", una sloti tatu tupu na umepata habari njema. Jambo jingine la kukagua ni aina ya Windows yenyewe. Baadhi ya mashine za mtumba huja zimewekewa Windows ya biti 32, na hiyo haiwezi kutumia zaidi ya 4 GB, kwa vitendo ni kama 3.2 hadi 3.5. Ukiongeza RAM juu yake, fedha yako inakaa bure. Nenda Settings, System, About, uangalie. Kama ni biti 32, safari inaanza kwa kuweka Windows upya.

RAM: inachotibu

Windows 10 peke yake, kabla hujagusa kitu, inachukua karibu 2 GB. Brauza yenye kurasa kumi inachukua nyingine 1 hadi 2. Kwenye mashine ya 4 GB umeshamaliza, na bado hujafungua Excel. Ukifika 8 GB, matumizi ya kawaida ya nyumbani yanapumua. Ukifika 16 GB, unaweza kusahau habari ya RAM kwa muda wote mashine itakaoishi.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Mashine isiyo na kadi ya grafiki hutumia sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa: Intel HD 4600 kwenye i5 nyingi za kizazi cha nne, HD 2500 au HD 4000 kwenye kizazi cha tatu. Sehemu hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kutoka RAM. Kwa hiyo RAM ikiwa polepole, picha nayo inakuwa polepole. Kipande kimoja kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyolingana, vikikaa kwenye sloti sahihi, vinafanya kazi sambamba na kupitisha 25.6. Umeongeza kasi ya grafiki bila kununua kadi. Shika namba hiyo, 25.6, tutaihitaji tukifika kwenye kadi za bei ya chini.

Ndiyo maana nasema vipande viwili vya 4 GB ni bora kuliko kimoja cha 8 kwa mashine isiyo na kadi. Na kama ndani tayari kuna kipande cha 4 GB, usikitupe. Ukiweka cha 8 kando yake unapata 12, na Intel waliweka utaratibu wa kuchanganya: 4 za kwanza za kila upande zinafanya kazi sambamba, zilizobaki zinakwenda peke yake. Si kamili, lakini ni nzuri kwa mwenye bajeti finyu.

RAM: inavyonunuliwa

Hapa ndipo watu wanapoumizwa, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua kipande ulichouziwa, kigeuze, usome karatasi iliyobandikwa. Unatafuta maandishi kama "PC3-12800U". PC3 maana yake ni DDR3. 12800 ndiyo ile kasi ya 1600. Ukikuta 10600 ni 1333, inafanya kazi lakini itazivuta na nyingine chini, kwa sababu zote hutembea kwa mwendo wa iliyo polepole zaidi. Herufi ya mwisho ndiyo roho ya jambo: U ni ya kompyuta ya kawaida. R ni ya seva, na kwenye OptiPlex au EliteDesk haitawaka. Vipande vya seva vimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia kwa sababu vituo vya data huvitoa kwa wingi. Kama karatasi imebanduliwa, hesabu chipu nyeusi za upande mmoja: kipande cha kawaida huwa na 8, cha seva mara nyingi huwa na 9, ile ya ziada ikiwa ni ya kusahihisha makosa.

Kuna mtego wa pili. Utakuta DDR3 ya 8 GB, jina geni, bei ya chini kuliko wenzake, na mahali fulani imeandikwa kwamba ni ya AMD tu. Iamini. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel za kizazi hiki haziitambui. Itapiga milio na skrini itabaki nyeusi.

DDR3L, yenye volti 1.35, inaingia kwenye kizazi cha nne bila tatizo. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: OptiPlex 3040 ya kizazi cha sita inataka DDR3L, na Intel wenyewe walionya kwamba DDR3 ya volti 1.5 inaweza kudhuru prosesa za kizazi hicho. DDR4 haiingii kabisa kwenye mashine za DDR3. Ina pini 288 badala ya 240 na mkato wake uko mahali tofauti. Usilazimishe.

Muuzaji muungwana atakuruhusu ujaribu. "Naomba tuiweke tuone, bosi" ni ombi la kawaida, na anayekataa amekujibu. Ikiwaka, ingia Task Manager palepale uone kama idadi ya GB na kasi ni vile alivyosema. Ukifika nyumbani, endesha Windows Memory Diagnostic au MemTest86 usiku kucha. RAM mbovu haijitangazi. Inakuharibia faili moja leo, inaleta skrini ya bluu wiki ijayo, na wewe utalaumu virusi.

Je, 8 au 16? Kama kazi ni shule, barua, Excel na YouTube, 8 inatosha. Kama unahariri picha kwa Photoshop au video, usisimame 8. Adobe wenyewe wanaitaja 8 kuwa kima cha chini cha Photoshop na wanapendekeza 16, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, inataka 16 tangu mwanzo. OptiPlex 9020 ya boksi kubwa (mnara) na ya boksi la wastani (lile jembamba) zina sloti nne na zinafika 32 GB, ila sijaona sababu ya kufika huko nyumbani.

Kadi ya grafiki: inachotibu na isichotibu

Kadi haitafanya Word ifunguke haraka. Haitapunguza muda wa kuwaka. Haitasaidia Excel yenye mistari elfu kumi. Nayaandika haya wazi kwa sababu kadi huuzwa kama dawa ya "kompyuta nzito", na si dawa ya hilo.

Wengine huambiwa wanunue kadi ili waunganishe skrini mbili. Geuza OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1 uangalie nyuma: kuna tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. HD 4600 inaendesha skrini hadi tatu bila msaada. Unachohitaji ni waya, au kibadilishaji cha DisplayPort kwenda HDMI.

Kadi inasaidia mambo matatu. La kwanza ni gemu, bila ubishi. PES 2017 itachezeka kwenye HD 4600 ukishusha ubora wa picha. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, inapendekeza kadi ya kiwango cha GTX 660 yenye 2 GB, na EA FC 24 inataja GTX 1050 Ti kama kima cha chini. Hapo RAM peke yake haikufikishi.

La pili ni kuhariri video na picha za uzito mkubwa. Resolve hasa inategemea kadi kwa karibu kila kitu. Mwenye kurekodi harusi au ibada na kuhariri nyumbani, huyu anahitaji vyote viwili, na ningemwambia anunue RAM mwezi huu na kadi mwezi ujao.

La tatu ni kutazama video za mtandaoni za ubora wa juu. YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9 na AV1, lakini sehemu ya picha ya mashine hizi ilijengwa zama za mfumo wa zamani zaidi, H.264. Hivyo prosesa inabeba mzigo wote, feni inavuma, CPU inapanda. Kadi kama GT 1030 inaisoma VP9 yenyewe na prosesa inapumzika. Lakini kabla hujainunua kwa ajili hiyo, jaribu njia ya bure: kwenye brauza weka kiongezo kinachoitwa h264ify. Kinailazimisha YouTube itume H.264, na mashine yako inaisoma vizuri hadi 1080p. Kwa skrini za kawaida za nyumbani, hiyo imemaliza kazi.

Vizuizi vitatu ndani ya boksi

Kizuizi cha kwanza ni ukubwa. Boksi la wastani la OptiPlex na EliteDesk, lile jembamba linalolala chini ya skrini, linapokea kadi fupi za nusu kimo tu, na mara nyingi zenye unene wa tundu moja. Boksi la mnara linapokea kadi za kimo kamili. Yale madogo kabisa, ya ukubwa wa kitabu, hayana sloti ya kadi. Huko unaongeza RAM tu, tena ya aina ya laptopu. Pima kwa rula kabla ya kwenda dukani, na uulize kama kadi inakuja na bati lake fupi la kufungia.

Cha pili ni umeme. Sloti ya kadi inatoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huwa na tundu la waya wa ziada wa pini 6 au 8, na pawa saplai za mashine hizi za ofisi hazina waya huo. Pawa saplai ya 9020 ya mnara ni wati 290, ya boksi la wastani ni 255. Ya 7010 ni 275 na 240. Ya 800 G1 ni 320 na 240. Prosesa ya i5-4590 pekee ina kiwango cha wati 84. Kwa mnara, kadi ya wati 75 inakaa salama. Kwa boksi la wastani ningebaki kwenye wati 30 hadi 50, hasa kwa kuwa pawa saplai yenyewe ina zaidi ya miaka kumi na imevumilia umeme wetu wa kukatika na kurudi.

"Basi nitabadilisha pawa saplai." Polepole. 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye madabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kubadilishia, na kwenye boksi jembamba hata umbo lake halikai. Ukijumlisha gharama hizo zote, umekaribia bei ya mashine nyingine.

Cha tatu ni skrini yenyewe. Skrini nyingi za mtumba zina VGA tu. GT 710 na GT 730 kwa kawaida zina VGA, lakini kuanzia familia ya GTX 10 NVIDIA waliiacha. Utahitaji kibadilishaji chenye chipu ndani, kile cha HDMI kwenda VGA, si plagi tupu ya DVI.

Kadi zenyewe, ana kwa ana

Hizi zote hazihitaji waya wa ziada wa umeme, mradi uchague toleo lisilo na tundu hilo. Safu ya kasi ni ya kumbukumbu ya kadi, kwa sekunde.

| Kadi | Mwaka | Wati | Kasi | Ninavyoiona |
|---|---|---|---|---|
| GT 710 | 2016 | 19 | GB 14.4 | Achana nayo |
| GT 1030 (DDR4) | 2018 | 20 | GB 16.8 | Achana nayo |
| GT 1030 (GDDR5) | 2017 | 30 | GB 48 | Boksi la wastani, video na gemu nyepesi |
| Quadro P1000 | 2017 | 47 | takriban GB 80 | Boksi la wastani, kuhariri |
| GTX 750 Ti | 2014 | 60 | GB 86 | Ikiwa bei ni ya chini sana |
| GTX 1050 Ti | 2016 | 75 | GB 112 | Mnara, gemu |
| GTX 1650 | 2019 | 75 | GB 128 | Mnara, chaguo langu |
| RX 6400 | 2022 | 53 | GB 128 | Soma maelezo hapa chini |

Sasa irudie ile namba ya 25.6. GT 710, kadi inayouzwa kwa bei ndogo, inapitisha 14.4. Vipande viwili vya RAM vinaipita. Kwa nguvu ya hesabu HD 4600 iko sawa nayo. Kwa maneno mengine, mtu anayetoa fedha kwa GT 710 kwenye mashine ya kizazi cha nne angepata picha ileile, au nzuri zaidi, kwa kununua RAM, na kompyuta nzima ingenufaika. Mahali pekee ninapoikubali GT 710 ni pale ambapo matundu ya picha ya madabodi yamekufa.

GT 1030 inaumiza watu kwa sababu matoleo mawili yana jina moja. Tofauti yao ya kasi ya kumbukumbu ni karibu mara tatu, na kwenye boksi hutofautishwa na herufi chache tu. Soma GDDR5, au usinunue. Tena ujue kwamba haina kifaa cha kusimba video, yaani kuibana iwe faili unapoihifadhi. Mwenye kuhariri, akisafirisha video yake, atashangaa kuona kwamba Quick Sync iliyomo ndani ya prosesa yake inafanya kazi ambayo kadi mpya haiwezi. P1000, 1050 Ti na 1650 zinacho.

RX 6400 kwenye karatasi inapendeza: wati chache, inaingia kwenye boksi jembamba. Tatizo ni kwamba inatumia njia nne tu za PCIe (muunganisho wa sloti ya kadi), na ilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Kizazi cha tatu na cha nne kina PCIe 3.0, hivyo njia hizo nne zinabeba nusu ya data. Nayo pia haisimbi video. Intel Arc A380 ningeiepuka kabisa hapa. Inategemea uwezo unaoitwa Resizable BAR ambao madabodi hizi hazina, na bila huo inadorora.

Umri wa draiva, programu inayoiendesha kadi, nao uhesabu. NVIDIA walifunga masasisho ya kawaida ya familia ya GT 710 mwaka 2021. Mwaka 2025 walitangaza kwamba 750 Ti, 1030, P1000 na 1050 Ti nazo zinafika mwisho wa masasisho ya kawaida, zikibaki na ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 bado inahudumiwa. Kwa mtu anayenunua leo na kutaka kukaa nayo miaka kadhaa, hiyo ndiyo sababu yangu ya kuipa nafasi ya kwanza.

Na kadi bandia zipo. Chipu ya zamani, mathalani ya GTS 450, huandikwa upya ijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inaamini. Njoo na programu ya GPU-Z kwenye flashi, ifungue dukani. Ikigundua udanganyifu inaandika FAKE mwanzoni mwa jina la kadi. Muuzaji asiyetaka uifungue, mwachie kadi yake.

Kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla: kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu saa nne kila siku inakula uniti 9 hivi kwa mwezi. Ukiwa unaandika tu, inakula sehemu ndogo ya hapo.

Lini usinunue chochote

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama. Mashine zetu hizi hazimo. Unaweza kuendelea kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambayo inatembea vizuri sana kwenye 8 GB, na kwa familia inayotumia brauza na kuandika tu ningeipendekeza bila kusita. Lakini ukiwa na programu ya ofisi inayodai Windows iliyo salama, jumlisha bei ya RAM, SSD na kadi, kisha ulinganishe na OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 za mtumba, mashine za mwaka 2018. Sehemu ya picha ya prosesa zake, UHD 630, inasoma VP9 yenyewe, kwa hiyo lile tatizo la YouTube linapungua sana bila kadi.

Hapa kuna hoja moja inayoipa kadi nguvu, na sitaificha. DDR3 unayonunua leo haihami; mashine mpya inataka DDR4. Kadi ya grafiki inahama. GTX 1650 utakayoiweka kwenye 9020 ya mnara utaichomoa na kuiweka kwenye mashine ijayo, mradi nafasi ipo. Kwa mcheza gemu aliyekwisha kuwa na 8 GB na anayepanga kubadilisha mashine karibuni, kadi ndiyo ununuzi wenye akili. Zingatia pia kwamba tangu mwishoni mwa 2025 bei za DDR4 na DDR5 zimepanda sana kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, kwa hiyo ukinunua mashine ya 2018, chagua ambayo tayari ina 16 GB ndani yake.

Mwenye laptopu asijisumbue na nusu ya makala hii: kadi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye madabodi. RAM na SSD ndiyo njia yake.

Siku ya kufunga

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma tupu cha boksi kabla ya kugusa chipu. Puliza vumbi, mashine iliyokaa nyumbani kwetu miaka mitatu ina vumbi la kutosha kuzuia feni. Mistari ya dhahabu ya RAM ya mtumba isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, upande laini, halafu uifute kwa kitambaa kikavu. Vipande viwili vinavyolingana viweke kwenye sloti za jozi moja. Mara nyingi rangi ya vishikio ndiyo inayozitambulisha. Bonyeza hadi vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio.

Kwa kadi, sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kutoka tovuti ya Dell au HP kabla hujaichomeka, maana BIOS za 2012 huwa hazizielewi kadi za miaka ya baadaye. Ikishakaa na skrubu imefungwa, hamishia waya wa skrini kwenye matundu ya kadi yenyewe. Ukiuacha kwenye madabodi utaona giza, au utaendelea kutumia HD 4600 ukidhani unatumia kadi. Na mwenye kuhariri video aingie BIOS awashe matumizi ya grafiki zote mbili, ili Quick Sync isizimwe kadi mpya inapoingia.

Mashine isipowaka baada ya hapo, chomoa kila kitu kipya, rudisha cha zamani, kisha ongeza kimoja kimoja. Kipande kinachogoma peke yake kwenye kila sloti ndicho cha kurudisha dukani, kwa hiyo risiti usiitupe.